Motahomu imeegeshwa Minnesota winta nzima: joto, umeme na maji visikatike

BahariKavu anauliza:

Habari za jioni wakuu. Nahitaji mpango kamili kabla ardhi haijaganda. Motahomu (gari-nyumba) ni ya futi 28, ya petroli, juu ya chasisi ya Ford E-450. Itaegeshwa kambini kusini mwa Minneapolis kuanzia Novemba hadi Aprili, na tutaishi ndani watu wawili. Kambi ina nguzo ya umeme ya ampea 30 (volti 120), bomba la maji ambalo hufungwa baridi ikishika, na shimo la maji taka.

Vilivyomo: fanesi (tanuru la kupasha ndani) ya gesi ya BTU 30,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto), hita ya maji ya galoni 6 inayotumia gesi au umeme, tangi la gesi la galoni 18 lililofungwa moja kwa moja kwenye chasisi, friji ya gesi na umeme, na betri mbili za asidi za volti 6, zile za magari ya gofu, ampea-saa 220. Matangi ya maji yote matatu yako uvunguni, yamezibwa kwa plastiki nyembamba.

Ninayotaka kujua: naweza kuwasha hita mbili za umeme za wati 1500 na kuiacha fanesi kama akiba, ili nisinunue gesi kila mara? Kama ni lazima gesi, itakwenda kiasi gani? Nibadilishe betri niweke za lithiamu? Na vioo vinatoa jasho tayari, bado hata theluji haijaanguka. Karibuni.

---

fundi_uvungu amejibu:

Mkuu, nianze na hita za umeme kwa sababu ndizo zinazowagandishia watu mabomba. Fanesi ya motahomu haipashi sebule peke yake. Kwenye gari lililozibwa chini, mfereji wake mmoja hupeleka hewa ya moto uvunguni, yaliko matangi, valvu na mabomba. Themostati nayo iko ukutani ndani. Ukiweka hita ya umeme sebuleni, chumba kinafika digrii 21, themostati inaridhika, fanesi haiwaki, na uvungu unashuka mpaka kulingana na nje. Juu umevaa fulana, chini valvu ya tangi la choo imekuwa jiwe.

Fanesi iwe ndiyo mwenye kazi, hita moja ya umeme iwe msaidizi. Nunua kipimajoto cha sensa isiyo na waya, sensa moja ifunge uvunguni karibu na valvu za maji taka, nyingine kwenye kabati lenye pampu ya maji. Uvungu usishuke chini ya digrii 4 za Selsiasi. Ukiona unakaribia hapo, punguza hita ya umeme, usiongeze. Wengi hufanya kinyume.

Kabla ya yote hakikisha mfereji wa uvunguni upo kweli na haujachomoka. Fungua plastiki upande mmoja, washa fanesi, weka mkono. Mifereji hii ni ya kubana kwa mkanda tu na mtikisiko wa barabara huitoa. Kama haupo kabisa, funga pedi za kupashia matangi. Za volti 12 hula ampea kama 5 au 6 kila moja, kwa hiyo zitumie ukiwa kwenye nguzo tu, na tangi liwe na maji ndani, kwani pedi juu ya tangi kavu huunguza plastiki.

Sasa sketi, yaani ukuta wa kuzungushia uvungu. Bila sketi, upepo unapita chini ya sakafu na fanesi inafanya kazi ya kupasha kata nzima. Tumia bodi za povu gumu za inchi 2, zile za rangi ya waridi au bluu, ambazo uwezo wake wa kuhami ni R-10. Usichukue nyeupe za punje punje, panya huzitafuna na upepo huzimega. Bodi huuzwa futi 4 kwa 8. Ukiipasua katikati kwa urefu unapata vipande viwili vya futi 2 kwa 8. Mzunguko wa gari lako ni kama futi 72, hivyo vipande 9, yaani bodi 5. Nunua 7, kwa sababu nyuma ya gurudumu na chini ya kabini ya dereva kimo kinazidi futi 2 na utakata vibaya mara moja au mbili.

Chini, bodi ikae juu ya ardhi iliyosawazishwa, kisha sukumia udongo au mifuko ya mchanga upande wa nje. Theluji ikija, iegemeze hapo, ni kihami kizuri na ni ya bure. Viungo ziba kwa tepu ya alumini. Tepu hii haishiki kwenye baridi, fanya kazi wakati joto la nje bado liko juu ya digrii 10 na ukuta wa gari umepanguswa kwa spiriti. Usipige skrubu kwenye ukuta wa gari.

Mahali pa KUTOZIBA: bomba la moshi la fanesi, la hita ya maji, la jenereta, na chumba cha tangi la gesi. Gesi ya propeni ni nzito kuliko hewa, ikivuja hujilimbikiza chini, na uvungu uliofungwa kila upande ni mahali pabaya pa kuikusanya. Upande wa tangi acha matundu usawa wa ardhi. Jenereta usiiwashe kabisa sketi ikiwa imefungwa, labda uwe umeongeza bomba la moshi likatoka nje ya sketi kabisa.

Maji. Sahau mpira kuunganishwa muda wote. Kuna mipira yenye waya wa joto ndani, inafanya kazi, lakini bomba lenyewe la kambi likigandia ardhini mpira hauna msaada, na umesema wanafunga. Jaza tangi la maji safi, tumia pampu, mpira ukaushe na uulaze ndani. Sehemu zinazoganda kwanza ni tatu: kiingilio cha maji ya kambi ukutani, bafu la nje kama lipo, na mabomba ya chini ya kumwagia maji. Bafu la nje lifungie kwa ndani na ulikaushe. Milango ya makabati yaliyo kwenye ukuta wa nje iache wazi usiku.

Maji taka: valvu zote mbili zifungwe daima. Ukiacha ya maji ya vyombo wazi, yanachuruzika kidogo kidogo, kila tone linaganda ndani ya bomba la kumwagia, na ndani ya usiku mmoja una gogo la barafu la futi 10. Mwaga tangi likifika theluthi mbili, la choo kwanza, la maji ya vyombo baadaye, kisha chomoa bomba, likaushe, liweke kando. Kila baada ya kumwaga, mimina nusu galoni ya antifrizi (dawa ya kuzuia kuganda) ya waridi katika kila tangi ili valvu ilale ndani ya dawa badala ya maji. Iwe ya waridi, ya magari-nyumba. Ile ya kijani ya rejeta ni sumu na haitakiwi kwenye shimo la maji taka. Valvu ikiganda usivute kwa nguvu. Nyingi ni za kebo, kebo ikikatika kazi yake ni kufungua uvungu wote kwenye baridi. Tumia kikausha nywele na uvumilivu.

---

Ampea amejibu:

Hesabu ya umeme, mkuu. Nguzo ya ampea 30 ni 30 × 120 = wati 3600. Kwa mzigo unaokaa masaa mengi, hesabu asilimia 80 tu: ampea 24, wati 2880. Hita mbili za wati 1500 ni ampea 25. Umeshapita kabla hujawasha taa.

Na bado kuna vingine: hita ya maji kwa umeme ni wati 1440, yaani ampea 12. Konveta inayochaji betri ikiwa na kazi kubwa hufika ampea 8. Friji kwa umeme, ampea 3 hivi. Maikrowevu, ampea 10 na zaidi kwa dakika chache. Kwa hiyo: hita moja ya chumba, iwekwe kwenye wati 750 hadi 900, siyo 1500. Hita ya maji iende gesi usiku. Maikrowevu ikiwaka, hita ya chumba izimwe.

Breka kukatika siyo tatizo, hiyo imefanya kazi yake. Tatizo ni plagi. Plagi ya ampea 30 kwenye nguzo za kambi imechomekwa na kuchomolewa na mamia ya watu, soketi imelegea, mguso ni mbaya, na mguso mbaya ukipitisha ampea 24 usiku kucha unapata joto, plastiki inayeyuka, shaba inabadilika rangi, upinzani unaongezeka, joto linazidi tena. Breka haitaona lolote maana mkondo haujazidi. Kabla ya kuegesha, zima breka ya nguzo, angalia soketi. Ikiwa ya kahawia au inapokea plagi bila kubana, wadai waibadilishe. Baada ya saa moja ya mzigo mzito gusa plagi: vuguvugu sawa, ikichoma mkono zima. Rudia baridi ikizidi.

Weka kifaa cha kulinda umeme chenye kukata volti ikishuka, siyo kile cha kuzuia radi tu. Vizuri hukata chini ya volti 104. Usiku wa -25 kila gari kambini linawasha hita na volti za mwisho wa mstari huporomoka, na hapo injini ndogo za umeme kama ya kompresa ya mashine ya kukausha hewa ndizo huungua.

Kebo ya kuongezea iwe geji 10 na yenye kichwa cha ampea 30. Usitumie ekstensheni ya bustani. Usiizungushe kama kamba ya kisimani, inyooshe.

Hita ya chumba ichomekwe moja kwa moja ukutani. Soketi za ndani ya motahomu nyingi ni zile za kubana waya bila skrubu na hazipendi ampea 12 masaa manane. Ya mafuta ndani, ile yenye mapezi, ni salama kuliko ya feni.

Kuhusu betri: usibadilishe kwa ajili ya winta hii. Lithiamu aina ya LiFePO4 haitakiwi kuchajiwa chini ya digrii 0. Ukiichaji ikiwa imeganda, lithiamu hujibandika juu ya elektrodi hasi na uwezo unaopotea haurudi. Nzuri zina kinga inayokataa chaji au hujipasha zenyewe, lakini sanduku la betri la gari lako liko nje, chini ya ngazi, ungelazimika kulihamishia ndani na kubadili konveta pia. Uko kwenye nguzo. Betri zako ni akiba ya umeme kukatika tu.

Za asidi zina sheria moja: zisiishe. Iliyojaa haigandi hata -50. Iliyokwisha huganda karibu na -10, kasha linapasuka, na ikiyeyuka asidi inamwagika. Angalia maji yake kila mwezi, ongeza yaliyokenekwa (distilled) tu, na uongeze wakati zinachajiwa ili yachanganyike kabla hayajaganda juu juu. Wala usizihamishie ndani, zinatoa haidrojeni zikichajiwa.

Umeme ukikatika una muda gani? Feni ya fanesi hula kama ampea 8. Kwenye baridi kali fanesi inawaka theluthi mbili ya muda, hivyo ampea-saa 5 na ushee kila saa. Betri zako zinatoa kwa usalama nusu ya 220, yaani 110, na kwenye -18 zinatoa pungufu tena, weka 65. Hayo ni masaa 12. Usizihesabu zaidi ya hapo. Na kumbuka volti zikishuka karibu 11, feni inazunguka taratibu, swichi ya upepo ndani ya fanesi haifungi, na moto hauwaki hata kama gesi imejaa. Watu hulaumu gesi. Pima betri kwanza.

Sola ya paani msiitegemee. Tarehe 21 Desemba huko mchana ni chini ya masaa 9, jua la adhuhuri liko nyuzi 21 hivi juu ya upeo, na paneli imelala chini ya theluji.

---

Mtungi_100 amejibu:

Niongeze la gesi, maana Ampea kakimbilia shaba kama kawaida yake.

Galoni moja ya propeni ina BTU 91,500. Fanesi yako ikiwaka mfululizo inakunywa galoni moja kila masaa matatu. Tangi la galoni 18 hujazwa asilimia 80 tu, hivyo una galoni 14.4, sawa na masaa 44 ya moto mfululizo. Ikiwaka nusu ya muda, siku tatu na nusu. Na tangi limefungwa kwenye chasisi, huwezi kulipeleka dukani bila kung'oa gari zima pamoja na sketi yako.

Dawa yake ni kiungio cha T. Kinafungwa kati ya valvu ya tangi na regyuleta (kipunguza presha ya gesi), kina mpira wa presha kubwa wa kuunganisha mtungi wa nje. Unafunga valvu ya tangi la gari, unafungua ya mtungi, fanesi haijui tofauti. Tangi la gari linabaki limejaa kama akiba. Omba kampuni ya gesi ikukodishie mtungi wa pauni 100 na iwe inakuja kuujaza hapo hapo. Unaingia galoni 23.6, BTU milioni 2.1 na ushee. Ukiwa na sketi, kwenye wiki ya -20 fanesi inaweza kuwaka masaa 12 kwa siku: BTU 360,000, mtungi unakwenda siku sita. Bila sketi inaweza kufika masaa 18, mtungi siku nne. Kwa hiyo bodi zile saba zinajilipa mapema.

Mtungi usimame wima, juu ya tofali au ubao mpana, umefungwa mnyororo. Ukiulaza, gesi ya maji inaingia kwenye regyuleta na hapo unatafuta moto. Regyuleta tundu lake la kupumulia liangalie chini na lifunikwe na kifuniko chake, barafu ikiziba hapo presha inayumba. Fanesi inataka presha ya inchi 11 za maji, hicho ni kipimo cha presha ya gesi. Ukishaunganisha, pima uvujaji kwa kioevu maalumu kinachostahimili baridi, povu la sabuni ya vyombo linaganda kabla hujaona kitu.

Jambo ambalo waliozoea mitungi ya nyumbani huwa hawalitarajii: gesi ya kupikia Dar au Mombasa ni mchanganyiko wa propeni na buteni. Buteni huacha kugeuka mvuke kwenye digrii 0. Huku Marekani unauziwa propeni karibu tupu, ambayo huchemka kwenye -42, ndiyo maana inafanya kazi. Lakini "inafanya kazi" haimaanishi inatosha. Mvuke unatoka kwa joto linaloingia kupitia sehemu ya ukuta wa mtungi iliyolowa gesi ya maji. Mtungi mdogo wa pauni 20 uliobaki robo, usiku wa -30, hautoi mvuke wa kutosha fanesi ya BTU 30,000. Fanesi inajaribu kuwaka mara tatu, inajifunga, unadhani mtungi umekwisha, unaupima asubuhi una gesi. Mtungi mkubwa una ukuta mpana, tatizo hilo hupungua. Hiyo ndiyo sababu yangu ya pauni 100, kuliko bei.

Kuhusu gharama: fanesi inapoteza kama asilimia 20 kwenye moshi, hivyo galoni moja inakupa BTU 73,000 ndani, sawa na yuniti 21 za umeme. Zidisha bei ya yuniti moja kambini kwa 21. Galoni ikiwa chini ya hapo, gesi ni nafuu. Umeme wa senti 15 ni dola 3.15. Kama kambi inakutoza bei moja kwa mwezi bila mita, basi hita ya wati 900 itumie mchana na usiku, ndiyo.

---

Mama Prairie (Edmonton) amejibu:

Habari za jioni nanyi. Sketi nakubali, gesi nakubali, ila mmeruka jasho la vioo aliloliulizia, na ndilo litakaloharibu godoro lake kabla ya Februari.

Watu wawili wakilala, kupika na kuoga ndani ya futi 28 hutoa lita kadhaa za maji hewani kila siku. Hewa hiyo ikigusa kioo, fremu ya alumini au kona nyuma ya kabati, inageuka maji, kisha barafu, kisha ukungu. Kitu cha kwanza: msipashe gari kwa jiko la gesi wala hita ya gesi isiyo na bomba la moshi. Kila kilo moja ya propeni ikiungua inatoa kilo 1.6 ya maji, na mkiziba matundu ya hewa inatoa kaboni monoksaidi. Fanesi yenu inavuta hewa nje na kutoa moshi nje, kwa hiyo haiongezi unyevu hata kidogo.

Nunua haigromita, kipima unyevu wa hewa. Nje ikiwa -20, ndani lengo ni asilimia 25 hadi 30. Mashine ya kukausha hewa ya kompresa inafaa kama mnakaa ndani kwenye digrii 18 kwenda juu. Zile ndogo za bei ndogo zinazojaza kikombe kwa wiki hazifai hapa. Mkipika au kuoga, washeni feni ya paani, dirisha jingine lifunguliwe upana wa kidole. Joto linapotea kidogo, lakini hewa kavu hupashika upesi.

Madirisha: filamu ya plastiki ya kupulizwa kwa kikausha nywele, ibandikwe kwenye fremu ya ndani, inaacha hewa iliyotulia katikati. Karatasi ya fedha yenye mapovu ni nzuri usiku, ila ikiwa haijabana kingo, hewa ya ndani inapita nyuma yake na kioo kinajaa barafu msiyoiona. Matundu ya paani yajazwe mto wa sponji, isipokuwa lile lenye feni mnayotumia.

Kabini ya dereva ndiyo tundu kubwa kuliko yote. Kioo cha mbele ni kipande kimoja, milango miwili ya chuma, sakafu ya chuma. Tundikeni pazia zito la tabaka mbili kati ya kabini na sebule, lifike chini kabisa na likunjike sakafuni. Kitanda cha juu ya kabini, inueni godoro kwa chaga au mkeka wa plastiki wenye nafasi, hewa ipite chini yake.

Vigunduzi: cha propeni usawa wa sakafu, cha kaboni monoksaidi karibu na mnapolala. Vyote vina tarehe nyuma. Vingi huisha baada ya miaka 5 hadi 7, na vilivyokwisha vinaweza kuendelea kuwasha taa ya kijani. Baada ya kila theluji kubwa, toka nje na kafyagio ukasafishe tundu la moshi la fanesi. Likizibwa fanesi inajifunga, na hiyo ndiyo bahati njema.

Halafu Mtungi_100, blanketi za umeme za kupasha mitungi hujazitaja. Zipo zenye themostati yake.

---

Mtungi_100:

Sijazitaja makusudi, mama. Ile iliyotengenezwa na kuthibitishwa kwa mitungi, sawa, ni nzuri kwa mtungi wa pauni 20. Tatizo nikiitaja tu mtu anakwenda kuzungushia mtungi waya wa joto wa mabomba, au blanketi la kulalia. Mtungi mkubwa wa pauni 100 unaondoa haja ya blanketi. Na blanketi la kawaida lisilo na umeme linazuia joto kuingia kwenye mtungi, yaani linafanya kinyume.

---

Ampea:

Waya wa joto mkiuweka kwenye mabomba ya maji, chukueni unaojirekebisha wenyewe. Ule wa zamani wa wati zilezile ukiupishana juu ya wenyewe unaungua. Na wati zake ziingie kwenye ile 2880.

---

BahariKavu:

Shukrani sana wakuu, na shikamoo mama. Kiungio cha T na bodi naagiza wiki hii. Mawili yamebaki. Kuna jirani kaniambia niache bomba la jikoni lichuruzike usiku kama wanavyofanya kwenye nyumba. Na la pili: katikati ya Desemba tunakwenda Dar wiki tatu. Niiache fanesi kwenye digrii 10 tu mpaka turudi?

---

fundi_uvungu:

La kuchuruzika ni la nyumba yenye bomba la mtaa na shimo lisiloganda. Wewe unatumia tangi na pampu. Utamaliza maji safi, utajaza tangi la maji ya vyombo kufikia alfajiri, na pampu itakuwa inawaka na kuzima usiku kucha. Usifanye.

La Dar: hapana. Umeme ukikatika siku ya tatu, betri zinakwisha siku ya nne, gari linaganda siku ya tano, na wewe uko Kariakoo. Maji yakiganda yanaongezeka ujazo asilimia 9. Mabomba ya plastiki ya siku hizi hujitanua kidogo, ila kichwa cha pampu, valvu ya choo na viungio hupasuka. Kausha gari, ni kazi ya masaa mawili.

Zima hita ya maji, gesi na umeme, siku moja kabla. Mwaga na suuza matangi ya taka. Fungua bomba la moto jikoni presha ishuke, ndipo ufungue kizibo cha hita ya maji kwa nje. Ukikifungua na presha ndani, maji ya moto yanakurukia kifuani. Kama hita ni ya chapa ya Suburban, kizibo ndicho kina ile fimbo ya anodi, inayoliwa na kutu badala ya tangi, iangalie, ikibaki robo nunua nyingine. Fungua mabomba ya chini, mwaga tangi la maji safi.

Kisha geuza valvu za nyuma ya hita ya maji ili antifrizi isiingie mle, la sivyo unapoteza galoni 6 bure. Ukiwa na kompresa, puliza kupitia kiingilio cha maji kwa presha ya psi 30 hadi 40, usizidi 50, ukifungua bomba moja moja: jikoni baridi, jikoni moto, bafuni, bafu la kusimama, choo, na la nje. Halafu funga mabomba ya chini, vuta antifrizi ya waridi kwa pampu. Pampu nyingi zina kijiti cha kuvutia, kama yako haina unaweka T kabla ya pampu. Anzia bomba la mbali, fungua mpaka itoke ya waridi, moto na baridi. Kanyaga choo mpaka bakuli lipate. Galoni 3 zinatosha gari lako. Bonyeza sindano ya kiingilio cha maji ukutani mpaka iteme ya waridi, hiyo husahaulika na ndiyo hupasuka.

Mimina kikombe kimoja katika kila tundu la sinki na la bafu kwa ajili ya ile kona ya bomba chini. Chupa itakuandikia -50 Farenhaiti. Hiyo ni kinga ya bomba kupasuka. Dawa yenyewe inakuwa rojo mapema zaidi, usishtuke ukirudi ukaikuta nzito kwenye choo.

Baada ya hapo fanesi izimwe, valvu ya mtungi ifungwe. Nguzo iache imewashwa kwa ajili ya konveta na betri tu. Zikijazwa vizuri kisha ukakata swichi kuu ya betri, hata umeme ukikatika hazitaisha ndani ya wiki tatu. Friji itolewe kila kitu, mlango uache wazi. Chupa za soda, mafuta ya nazi, sabuni ya maji, mayai: ondoa.

Mkirudi, pasheni gari kwanza bila kugusa maji, nusu siku hivi, hadi sensa ya uvunguni isome juu ya digrii 4 na ikae hapo. Injini nayo ina hita ya kuchomeka kwenye bloku. Ichomeke masaa matatu au manne kabla ya kuwasha, wakati huo hita ya chumba ikiwa imezimwa, kwa sababu nayo inakula wati za nguzo.

---

Mama Prairie:

Marahaba mwanangu. Muachieni mtu wa kambi namba ya simu na ufunguo wa nje, na umwoneshe ilipo valvu ya mtungi. Sketi ikinyanyuliwa na upepo mkiwa hampo, aweke mifuko ya mchanga tu, asipige skrubu.